KACHUMBARI SAFI HUANZA SHAMBANI



Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi habari ya chakula ambacho hakuna nyumba katika Lamu isiyokijua, nacho ni kachumbari. Huenda mmoja wenu atacheka na kusema, "Karani wa kilimo amekosa la kuandika, sasa anatufundisha kukata nyanya!" Basi na acheke, lakini asome mpaka mwisho. Ndani yake mna jambo ambalo mimi mwenyewe nilijifunza kwa kuumia, na sipendi mwingine ajifunze kwa njia ile ile.

Jambo lenyewe ni hili. Chakula chetu karibu chote hupita motoni. Maharagwe huchemshwa, samaki hukaangwa, sima husongwa, pilau hupaliwa makaa. Moto ni rafiki mkubwa wa mpishi, maana hata ukisahau kunawa, au maji yakiwa si safi, moto huua vijidudu vingi kabla chakula hakijafika kinywani. Lakini kachumbari haipiti motoni. Hutoka shambani, ikapita kisimani, ikapita kwenye kibao cha kukatia, ikaliwa. Kwa hiyo kosa lililofanywa shambani siku ya Jumatatu huweza kuliwa mezani siku ya Ijumaa, wala hapana kitu katikati cha kulizuia.

KACHUMBARI NI NINI

Kachumbari ni nyanya na vitunguu vibichi vilivyokatwa vyembamba, vikachanganywa na chumvi, ndimu na pilipili. Jina lake ni ndugu wa jina la Kihindi, kachumbar, na si ajabu, kwa kuwa pwani yetu na Bara Hindi zimetembeleana kwa majahazi tangu zamani sana. Lakini nyanya na pilipili zenyewe si za Bara Hindi wala si za Afrika. Asili yake ni Amerika, nazo hazikujulikana upande huu wa dunia mpaka baada ya mwaka 1492, Wazungu walipoanza kuivuka bahari ile kwenda na kurudi.

Huko Meksiko watu wanayo kachumbari yao mpaka leo. Hukata nyanya, vitunguu, pilipili mbichi na majani ya giligilani, wakakamulia ndimu. Wao huiita salsa, na maana ya neno hilo kwa Kihispania ni kama kusema mchuzi. Mtu wa Meksiko akikaribishwa chakula Langoni au Mkomani, mjini Lamu, ataitambua kachumbari yetu mara moja.

Na katika skimu zetu, Ziwa Kenyatta huko Mpeketoni, Hindi na Witu, ambako watu wa pwani na watu wa bara wamekuwa majirani, kachumbari ni chakula kimoja ambacho hapana ubishi juu yake. Mwenye pilau huitaka, mwenye nyama ya kuchoma huitaka, na mwenye sima na samaki huitaka. Tena ina faida mwilini. Nyanya, pilipili na ndimu zina vitamini C, ambayo hupungua chakula kikipikwa, lakini katika kachumbari hubaki. Vitamini hiyo husaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na kunde. Basi anayekula maharagwe pamoja na kachumbari hupata faida zaidi katika maharagwe yale yale.

Sasa na tuifuate kachumbari njia yake yote, tangu shambani hata bakulini.

SHAMBANI

La kwanza ni dawa. Nyanya ina adui wengi, na mkulima wa nyanya asiyepiga dawa hata mara moja ni nadra kumwona. Dawa si kosa. Kosa ni kuchuma kabla siku zake hazijatimia. Juu ya kila kopo la dawa iliyosajiliwa pana karatasi iliyobandikwa, na juu ya karatasi hiyo yameandikwa siku za kungoja baina ya kupiga dawa na kuchuma. Dawa nyingine husema siku 3, nyingine 7, nyingine 14. Siku hizo hazikuandikwa kwa kubahatisha. Zimepimwa, ili dawa ipungue mpaka isiweze kumdhuru mlaji.

Siku moja nilipita katika shamba la mzee mmoja nikamkuta na bomba mgongoni, akipiga dawa nyanya zilizoanza kuwa nyekundu. Penye kivuli cha mwembe yalikuwako makreti matupu, yamepangwa tayari. Nikamwuliza, "Mzee, makreti haya ni ya lini?"

Akajibu, "Ya kesho, Mwalimu. Mashua haimngoji mtu."

Nikamwomba kopo tulisome pamoja. Karatasi ilisema siku 7. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Wajukuu wangu huzichuma hizi wakala papa hapa shambani, hata kuziosha hawaziosha."

Makreti yale hayakujazwa siku ya pili. Nyanya nyingi ziliiva mno zikaharibika, na hasara ile ilimwuma mzee, wala sitaki kuficha. Lakini tangu hapo hupanga kupiga dawa kwa hesabu, tena kabla nyanya hazijaanza kugeuka rangi. Nanyi fanyeni hivyo hivyo. Tundikeni kalenda ukutani. Ukipiga dawa Jumatatu tarehe 3, na karatasi yasema siku 7, tia alama Jumatatu tarehe 10, usichume kabla yake. Wala usijidanganye kwamba utaziosha. Maji huondoa baadhi ya dawa iliyo juu ya ganda, lakini dawa nyingine huingia ndani ya tunda, na hiyo haioshiki.

La pili ni samadi. Samadi mbichi ya ng'ombe au ya kuku ina vijidudu vya tumbo. Irundike, uiache ioze vizuri mpaka isiwe na joto wala harufu kali, ndipo uitie shambani, tena mapema kabla ya kupanda. Usiimwage samadi mbichi chini ya mnyanya wenye matunda.

La tatu ni miti ya kuegemezea. Mnyanya uliofungwa kwenye mti huzaa matunda yasiyogusa udongo, nayo huwa safi na hayaozi upesi. Na ukimwagilia, mwagilia shinani, usimwage juu ya matunda. Maji ya ziwa au ya kidimbwi wanakokunywa ng'ombe yanafaa kwa mizizi, lakini hayafai kwa kitu kitakacholiwa kibichi.

La nne ni kuchuma. Chuma asubuhi kabla jua halijawa kali, uweke kivulini. Tenga nyanya zilizopasuka au kutobolewa na wadudu, maana ufa ni mlango wa vijidudu. Zile zenye ufa mdogo tu zipelekwe chunguni zipikwe, zisiende kwenye kachumbari. Zilizooza zitupwe.

KISIMANI

Hapa ndipo nilipoumia mimi. Nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisi ya kilimo, na hata leo watu huniita Mwalimu. Nyumbani kwangu maji ya kunywa huchemshwa kila siku, na nilikuwa nikijisifu kwa jambo hilo. Mwaka mmoja wakati wa masika tulikuwa na wageni, na kwa kuwa mama watoto alikuwa na kazi nyingi, mimi nikachukua kazi ya kachumbari. Nilikata vitunguu, nikavisugua kwa chumvi kama ilivyo desturi ili kuondoa ukali, kisha nikavisuuza. Nilivisuuza kwa maji ya ndoo iliyokuwa karibu nami, nayo yalikuwa yametoka kisimani sasa hivi.

Siku ya pili mtoto wetu mdogo aliharisha na kutapika, na wageni wawili pia. Tulimchukua mtoto mpaka zahanati, macho yamedidimia. Muuguzi alimpa maji ya chumvi na sukari ya pakiti, na vidonge vya zinki, akamwangalia mpaka akaweza kunywa mwenyewe. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, mwanywa maji gani?"

Nikajibu kwa haraka, "Ya kuchemsha, Bibi."

Akasema, "Vizuri. Na kachumbari mliisuuza kwa maji gani?"

Sikuwa na la kujibu. Mtoto alipona baada ya siku tatu, namshukuru Mungu. Lakini swali lile sikulisahau, nami nawaachia ninyi pia. Twachemsha maji ya kunywa, kisha twala maji mabichi pamoja na vitunguu. Tumbo halijui tofauti ya maji yaliyoingia kwa gilasi na maji yaliyoingia kwa kijiko.

Wakati wa mvua hatari ni kubwa zaidi. Visima vyetu vingi ni vifupi, na maji ya mvua huchukua uchafu wa juu ya ardhi na wa vyoo mpaka kisimani. Yafaa kisima kiwe mbali na choo, mita 30 au zaidi, tena kiwe na mfuniko na ukuta mfupi wa kuzuia maji ya nje. Lakini hata kisima kizuri, maji yake yachemshwe mpaka yatokote kweli kweli, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa yake, na kungoja muda ulioandikwa.

Msidhani ya kuwa haya ni mambo madogo. Mnakumbuka kipindupindu kilichoingia Kenya mwezi wa Oktoba mwaka 2022. Wagonjwa wa kwanza walipatikana baada ya harusi moja katika kaunti ya Kiambu, kisha ugonjwa ukaenea kaunti nyingi. Hatusemi ya kwamba kosa lilikuwa la kachumbari. Twasema tu ya kwamba penye watu wengi wanaokula pamoja, kosa la mkono mmoja huwa ugonjwa wa watu wengi. Na hapa kwetu harusi ni nyingi, na Maulidi ya Lamu huleta wageni kila mwaka, na pilau ya wageni haiendi bila kachumbari.

JIKONI

Vipimo hivi vyawatosha watu sita:

Nyanya 6 za kiasi, zilizoiva lakini ngumu.
Vitunguu maji 2.
Pilipili mbichi 1, au zaidi kwa wapendao ukali.
Ndimu 2.
Majani ya giligilani, ambayo wengine huyaita dania, fumba moja.
Chumvi, kijiko kidogo kimoja, na nyingine ya kusugulia vitunguu.
Wakati wa maembe, embe bichi 1 laweza kutiwa. Likiwa kali sana, punguza ndimu.

Fanya hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kama una kidonda mkononi, mwachie mwingine kazi hii.

2. Osha kibao na kisu kwa sabuni. Kisu na kibao vilivyokata samaki au nyama mbichi visiguse kachumbari kabla ya kuoshwa. Afadhali kuwa na kisu cha peke yake. Cha kwetu kimefungwa uzi mwekundu kwenye mpini, hata watoto wanakijua.

3. Osha nyanya, pilipili, ndimu na embe moja moja kwa kumiminia maji safi huku ukisugua kwa mkono. Usizitumbukize nyanya zenye joto la jua ndani ya karai la maji baridi. Tunda la moto likiingia maji baridi hunywa maji kidogo kupitia kikonyo, na uchafu wa maji huingia pamoja nayo. Ngoja zipoe kwanza kivulini.

4. Majani ya giligilani yana mchanga. Yasuuze mara mbili au tatu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, uyakung'ute.

5. Menya vitunguu, uvikate vyembamba sana. Vinyunyizie chumvi, uvisugue polepole kwa vidole mpaka vilainike na kutoa maji. Visuuze kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, mara mbili, kisha uvikamue. Hapa ndipo pale nilipokosea mimi, basi soma tena: maji yaliyochemshwa.

6. Kata nyanya vipande vyembamba. Kama zina maji mengi na mbegu nyingi, toa sehemu ya mbegu, la sivyo kachumbari itaogelea. Nyanya za mbegu ngumu kama Cal J hazina shida hiyo, ndiyo maana twazipenda kwa kachumbari.

7. Kata pilipili ndogo kabisa. Wengine huiacha nzima na kuipasua kidogo tu, ili itoe harufu bila kuunguza ulimi. Baadaye nawa kwa sabuni kabla ya kujigusa macho au kumshika mtoto.

8. Changanya vyote katika bakuli kwa kijiko, si kwa mkono. Tia chumvi na ukamulie ndimu mwisho kabisa, watu wanapokaribia kula. Chumvi hutoa maji ya nyanya, na kachumbari iliyotiwa chumvi mapema hulegea.

9. Funika bakuli kwa sababu ya nzi. Kwa joto letu la pwani, isikae nje zaidi ya saa moja. Iliyobaki mezani isiwekwe mpaka kesho.

Wako watu wasemao ya kwamba ndimu au siki huua kila kijidudu, kwa hiyo usafi si lazima. Si kweli. Ukali wa ndimu hudhoofisha vijidudu vingine, lakini hautoshi kusafisha maji machafu. Kamua ndimu kwa ajili ya utamu, usiitegemee kama dawa.

SOKONI

Huenda mkulima akasema, "Mimi ni muuzaji. Nyanya zikishapanda mashua pale Mokowe, yanayobaki ni ya mnunuzi." Na asikilize kisa hiki cha kweli.

Mwaka 2008 watu zaidi ya 1,400 huko Marekani waliugua ugonjwa wa tumbo uitwao salmonela. Madaktari walipouliza wagonjwa wamekula nini, wengi walitaja nyanya mbichi, na wengi walikuwa wamekula salsa. Serikali ikawaonya watu wasile nyanya mbichi za aina fulani. Nyanya zikakosa wanunuzi, nyingine zikaozea shambani, na wakulima wakapata hasara kubwa. Kisha uchunguzi ukaonyesha jambo jingine. Vijidudu vile vilipatikana katika pilipili mbichi zilizotoka Meksiko, na katika shamba moja huko vilipatikana ndani ya maji ya kumwagilia. Katika bakuli la salsa nyanya na pilipili hukaa pamoja, na mlaji hawezi kujua ni ipi iliyomdhuru. Kwa hiyo nyanya ndiyo iliyoshtakiwa kwanza, na pilipili ikajulikana baadaye.

Mwaona basi, maji machafu ya shamba moja yaliwagusa wakulima wasiokuwa na hatia, tena wa zao jingine. Na sisi tu wadogo zaidi, soko letu ni dogo, na habari husafiri upesi. Siku wenye hoteli na mama wa nyumbani mjini Lamu watakaposema, "Nyanya za skimu fulani zina dawa," au "zinaumiza tumbo," hawatauliza ni za shamba la nani. Wataziacha zote, za mwangalifu na za mzembe. Kwa hiyo usimwone jirani anachuma kabla ya siku zake ukanyamaza ukasema hayakuhusu. Yakuhusu. Mwendee kwa heshima, mkae, msome kopo pamoja.

MASWALI MATATU

Ili mambo haya yasisahauliwe, yakate maneno haya uyabandike karibu na jiko lako. Kabla ya kukata kachumbari jiulize:

Nyanya hizi zilipigwa dawa lini, na je, siku zake zimetimia?

Maji haya ya kusuuzia, ningeweza kumpa mtoto ayanywe?

Kisu hiki na mikono hii viligusa nini mara ya mwisho?

Ukiweza kuyajibu yote matatu bila kusitasita, kata nyanya zako, karibisha wageni, mle kwa furaha. Ukisita hata kwa moja, subiri kidogo ulitengeneze kwanza. Maji ya kuchemsha hupoa kwa muda mfupi kuliko safari ya kwenda zahanati usiku na mtoto mgongoni. Hilo nalijua.

Anayetaka shauri zaidi juu ya dawa na siku za kungoja na amwone Bwana Shamba au Bibi Shamba wa eneo lake, akichukua kopo lake la dawa mkononi ili walisome pamoja. Na ukiwa na jirani asiyejua kusoma, tafadhali msomee karatasi hii jioni mkiwa mmepumzika.